Millie na Ada ya Kujaribu Nyumbani

Sehemu ya Tisa

Waya ulikuwa sakafuni.

Haukuwa umelegea, wala haukuwa umechomoka upande mmoja. Ulilala juu ya zulia nyuma ya kabati, ncha zake wazi, haujashika kitu chochote duniani.

Ndiyo, wasomaji wangu, ni waya ule ule mlionisumbua nao juma zima. Mama mmoja amenipigia simu kuniambia kaunguza maharage kwa kuuwaza. Basi epua chungu, mama, kaa, twende.

Millie Dombek alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati la vyombo vya muziki, katika chumba cha chini cha nyumba ya Arvid Tollefson, pale Milwaukee. Nje theluji ya Machi ilikuwa ikianguka tangu asubuhi. Millie hakuingia huko nyuma kwa upelelezi. Kalamu moja ya Hildy Bruss, katibu wa chama, ilianguka ikaviringika chini ya kabati, naye Millie, kwa kuwa magoti yake ya miaka sitini na moja bado yanakunjika, akajitolea kwenda kuiokota. Kalamu aliipata. Na waya akaupata.

Mbele ya kabati, watu kumi na mmoja wa Chama cha Wasikilizaji walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja, viatu wameviacha mlangoni, macho wameyafumba. Santuri ilizunguka. Mwanamke aliimba taratibu, piano ikimfuata kwa nyuma.

"Mnasikia?" ilisema sauti ya Leland Krahn, mwenyekiti. "Mnasikia anavyomeza mate kabla ya lile neno la pili? Santuri hii ninayo kwa miaka thelathini, na mate hayo sijawahi kuyasikia. Hapo sasa! Hapo ndipo dola elfu kumi na moja zilipo!"

"Kweli, mwenyekiti," wakaitikia wengine, kama walio kanisani.

Dola elfu kumi na moja ndiyo bei ya amplifaya mpya, kile chombo cha kukuza sauti, iliyokuwa rafu ya juu, taa yake ya buluu ikiwaka kwa madaha. Na waya uliolala sakafuni ndio uliotakiwa kutoka kwenye amplifaya hiyo kwenda kwenye spika.

Millie akamulika rafu ya chini kwa tochi. Pale palikuwa na amplifaya kuukuu ya Arvid, ile ambayo Kaz, marehemu mume wa Millie, aliifungua na kuitengeneza upya juu ya meza ya jikoni. Taa yake iliungua zamani na Kaz hakujisumbua kuweka nyingine. Millie akaigusa mgongoni. Ilikuwa ya moto. Nyaya za spika ziliingia humo, zimekazwa barabara.

Mate yote yale ya Leland yalikuwa yanatoka kwenye chombo cha Kaz.

"Mama yangu," Millie akanong'ona.

Sasa wewe uliyekosa gazeti kwa wiki nane, sikulaumu, ila ona aibu kidogo. Mambo yako hivi.

Millie ana duka la vyombo vya muziki vya bei kali. Zamani, mteja alichukua chombo akaenda kukijaribu nyumbani bure. Mpaka akatokea bwana mmoja aliyekaa na spika siku tisa, akazirudisha zimekwaruzwa na kucha za paka, akanunua zile zile kwenye mtandao kwa bei nafuu kidogo, halafu akampigia Millie simu: "Samahani, hizi zinafungwaje?"

Siku hiyo Millie akaweka ada. Kujaribu nyumbani, wikiendi moja, dola mia nne na hamsini. Ukinunua, inakatwa kwenye bei. Usiponunua, hairudi. Na kwa ada hiyo Millie mwenyewe anakuja na toroli lake, anafunga nyaya, anapanga spika, na Jumapili anarudi kuchukua.

Chama kikawaka moto. Kulipia kusikia! Tangu lini? Wakasusia duka miezi miwili. Wiki iliyopita ndipo yakafikiwa makubaliano: Arvid alipe ada, achukue amplifaya mpya, na Jumamosi chama kizima kije kisikilize. Likionekana jaribio lina thamani ya ada, mgomo unakwisha. Lisipoonekana, Millie anafuta ada moja kwa moja.

Na bila ada, duka halifiki majira ya joto. Hilo alilijua Millie peke yake, na mhasibu wake.

Haya. Na jana Ijumaa, nani alikuja kufunga nyaya hizi? Millie. Alikuwa na haraka, theluji ilikuwa inazidi, na alikuwa ameahidiwa samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa parokia kabla foleni haijafika barabarani. Lazima alisahau. Amechukua ada ya kazi ambayo hakuifanya!



Kule mbele Leland akasema, "Hebu tuongeze sauti kidogo," na kiti kikalia.

"Usiguse!" Arvid akaruka. "Sauti napanga mimi. Mtu asiguse kitu humu."

"Bwana wee, kidogo tu."

"Nimelipa mimi, Leland. Kaa."

Millie alisikia hayo lakini hakuyatilia maanani. Alikuwa na vita yake.

Nyamaza, Millie, moyo ulimwambia. Anayejua ni wewe na waya tu. Arvid ameshasema mchana kwamba anainunua. Watapiga kura, watakula, watakwenda zao. Kesho utakuja na toroli, utafunga vizuri, nani atajua?

Kisha akaitazama ile amplifaya kuukuu, akaona alama ya kikombe cha kahawa ya Kaz juu yake. Kaz, aliyewahi kuendesha gari maili arobaini kwenye barafu kumrudishia mteja dola sita.

"Kaz, na wewe," Millie akasema kimoyomoyo. "Usinitazame hivyo."

Santuri ikaisha. Makofi yakapigwa.

"Millie! Umehamia huko?" Leland akaita. "Toka usikie hukumu yako."

Akatoka, kalamu mkononi, vumbi magotini. Hildy akaipokea kalamu yake na kumkonyeza. Hildy ana miaka sabini na miwili, na katika miaka ishirini ya ukatibu hajapitwa na neno hata moja.

Leland alisimama mbele ya baa ndogo ya Arvid, glasi ya brandi na machungwa mkononi, tumbo mbele. "Ndugu wajumbe, mimi ndiye niliyepinga ada hii kuliko wote. Leo nasema wazi: nimenyamazishwa. Masikio yangu hayadanganyiki, mnayajua. Naomba tupige kura..."

"Kabla hamjanyoosha mikono," Millie akasema, "nina neno."

"Shukrani baadaye, mama."

"Si shukrani."

Arvid akasimama ghafla hata kiti chake kikaanguka. Ni mtu mrefu, fundi mabomba mstaafu wa kiwanda cha bia, mgane wa miaka sita, na aibu haimkai mwilini, humpanda yote masikioni. "Shemeji, jibini inapoa. Tule kwanza."

Alimwita shemeji kwa sababu alimsimamia Kaz siku ya harusi, na tangu siku hiyo hajamwita jina jingine.

"Kaa, Arvid."

"Jibini ya kukaanga ikipoa inakuwa mpira, shemeji, haitafuniki..."

"Arvid!"

Akakaa. Kwenye kiti cha mtu mwingine.

Millie akavuta pumzi. "Mlichokuwa mnasikia muda wote huu si amplifaya mpya. Ni ile kuukuu ya chini. Mpya imewashwa taa tu, haijafungwa. Waya wake uko sakafuni nyuma hapa. Na aliyekuja kufunga jana ni mimi, kwa hiyo kosa ni langu."



"Haiwezekani," Leland akasema.

"Njoo uone."

Leland akaweka glasi, akaenda, akapiga magoti, akaingia nyuma ya kabati kwa mikono na miguu. Kwa muda ilionekana soksi yake moja tu, yenye tundu kisiginoni. Alipotoka alikuwa amekuwa mwekundu mpaka kwenye upara.

"Kwa hakika," akasema, "mimi tangu mwanzo nilihisi kuna jambo."

"Ulihisi?" Hildy akafungua daftari lake, akalamba kidole, akapekua. "Saa nane na robo. Mwenyekiti: 'Amplifaya kama hii inakufanya uione ile yako ya zamani kuwa bati.' Saa nane na dakika ishirini. Mwenyekiti: 'Hapo ndipo dola elfu kumi na moja zilipo.' Kisha kuna habari ya mate. Nisome?"

Loo! Chumba kizima kikaangua kicheko. Mzee mmoja alicheka mpaka kiti chake cha kukunja kikamkunja. Leland Krahn, masikio ya dhahabu ya kusini mwa Wisconsin, aliumbuka mchana kweupe.

Lakini mtu aliyeumbuka ni wa kuogopwa. Leland akaigeuza aibu yake kuwa hasira, na hasira akaielekeza kwa Millie.

"Chekeni! Lakini hoja imejijibu yenyewe. Huyu mama anadai ada kwa sababu anakuja kufunga. Si ndivyo ulivyotuambia, Millie? 'Nalipwa kwa mikono yangu.' Basi mikono hiyo jana ilifanya nini? Ada ya kufungiwa, na kufunga hukufunga!"

Kicheko kikakatika. Watu wakatazamana. Wawili watatu wakatikisa vichwa kukubali.

"Kweli kabisa," Millie akasema. Akafungua mkoba, akatoa hundi ambayo hakuwa hata ameipeleka benki. "Arvid, hundi yako hii hapa."

"Siipokei."

"Pokea."

"Shemeji, ngoja nikwambie kitu kuhusu huo waya..."

"Usinifunike, Arvid! Nikikosea unanifunika, nikianguka unasema sakafu ndiyo mbaya. Leo niache nibebe langu." Akaiweka hundi juu ya baa, akaibana na bakuli la jibini. "Na hamwondoki humu bila kuisikia amplifaya mpya. Nilitoka na toroli kwenye theluji kwa ajili hiyo. Nipisheni."

Akarudi nyuma ya kabati, safari hii watu kumi na mmoja wakimchungulia. Akauokota waya. Akaugeuza ncha juu ili auchomeke.

Akaganda.

Kuna desturi aliyoachiwa na Kaz. Waya ukishakazwa mahali pake, na si kabla, unafungwa kipande cha uzi mwekundu karibu na ncha. Ukiona uzi, ujue kazi imekwisha. Millie hajawahi kuufunga uzi kabla ya kukaza, hata siku aliyokuwa na homa.

Kwenye ncha ya waya palikuwa na uzi mwekundu. Na fundo lilikuwa lake.

Alikuwa ameufunga! Jana aliufunga, akaukaza, akaweka alama. Mtu ameufungua baadaye.

Akainua macho. Wote walikuwa wanamtazama yeye, isipokuwa mmoja. Arvid alikuwa anakagua mabomba ya dari.

Millie akajikaza kisabuni. Humtuhumu mtu ndani ya nyumba yake, mbele ya wageni wake, huku unakula jibini yake. Akazitoa nyaya za ile kuukuu, akaufunga waya kwenye mpya, akakaza, akasimama, akajipangusa magoti.

"Haya. Sikilizeni."

Santuri ile ile, wimbo ule ule. Safari hii hakuna aliyefumba macho. Walimtazama Leland.

Ilikuwa nzuri, nisiwadanganye. Sauti ya mwanamke ilisimama katikati ya chumba safi kabisa. Wimbo ukaisha na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

"Mate yapo, mwenyekiti?" Hildy akauliza.

Leland akakohoa. "Yapo."

"Mengi kuliko yale ya kwanza?"

Leland akatazama glasi yake. Akaitazama amplifaya. Kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu katika hadithi hii, akasema jambo bila kulipiga chuku. "Yale yale," akasema.

Millie akamgeukia Arvid. Hapa, wasomaji wangu, kumbukeni kwamba faida ya amplifaya ile moja ingelipa pango la duka hadi Agosti. Yeye alilikumbuka vizuri sana, na bado mdomo ukafunguka.

"Arvid, usinunue hii. Ni nzuri, lakini wewe huihitaji. Ile aliyokutengenezea Kaz inakutosha mpaka siku ya mwisho. Nikikuuzia hii nitakuwa nimekuibia."



"Basi," Leland akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepoa. "Tupige kura. Wanaotaka ada ifutwe..."

"Mwenyekiti, naomba nafasi," Hildy akasema. Akafunga daftari, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya kikao kikiendelea. "Kwangu kuna chumba kimejaa nyaya na mashine. Kila moja niliapiwa na muuzaji kwamba itabadilisha maisha yangu. Sijabadilika, nimezidi kuzeeka tu. Hakuna muuzaji hata mmoja, kwa miaka arobaini, aliyewahi kuniambia: Hildy, usinunue."

Akamnyooshea Millie kalamu.

"Huyu alikuwa nyuma ya kabati peke yake. Angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza! Leland asingejua hata kesho kutwa. Arvid amelipa mia nne na hamsini, na amebaki na zaidi ya elfu kumi ambazo angezitupa. Haki ya nani, mimi ningelipa ada hiyo kila mwezi kama ingenizuia kununua upuuzi."

"Sema tena!" akaitikia yule mzee aliyekunjwa na kiti.

"Wanaotaka ada ibaki?" Hildy akauliza, akimpokonya mwenyekiti kazi yake.

Mikono ikapanda. Mmoja, mitatu, saba, kumi. Leland akabaki ameshika glasi kwa mikono yote miwili. Kisha akaihamishia kushoto, na ule wa kulia ukapanda taratibu.

"Naunga mkono," akasema. "Ila habari ya mate ifutwe kwenye kumbukumbu."

"Nimeandika kwa wino, mwenyekiti."

Vifijo! Millie akakumbatiwa mpaka miwani ikapinda. Wakala jibini ya mpira, wakanywa brandi, wakaisema timu ya mpira vibaya kama kawaida yao kila msimu ukiisha. Duka lilikuwa limepona. Machozi yalimlengalenga Millie na hakuyaficha.

Ila uzi mwekundu ulikuwa mfukoni mwake. Alikuwa ameukata bila mtu kuona.

Basi ikafika saa ya kuaga. Na nyie mnajua watu wa huku wanavyoaga. Mtu anajipiga mapaja, anasema haya jamani, halafu anakaa tena nusu saa. Wakaaga wakiwa vitini. Wakaaga ngazini. Wakaaga mlangoni wakivaa mabuti, wakaaga kwenye theluji kupitia vioo vya magari. Millie alisimama pembeni anatabasamu huku vidole vya miguu vikimkunjamana kwa kusubiri.

Gari la mwisho likaondoka. Wakarudi chini, yeye na Arvid, kukusanya glasi.

"Arvid."

"Naam, shemeji."

"Nani aliingia humu jana baada yangu?"

"Hakuna mtu."

Akautoa uzi mfukoni, akauweka juu ya baa. Arvid akautazama. Masikio yakaanza kupata rangi, kwanza ncha, kisha yote.

"Ni mimi," akasema. "Mimi niliufungua."

"Wewe!" Millie akapiga baa kwa kiganja, glasi zikaruka. "Umeniacha nijitangaze mzembe mbele ya chama kizima! Mimi, niliyefunga nyaya nusu ya mji huu! Ukakaa hapo unatazama dari!"

"Nilijaribu kusema mara tatu, ukaninyamazisha mara tatu!"

"Ulisema jibini!"

"Nilianzia mbali kidogo."

Millie alitaka kukasirika zaidi, lakini kicheko kilimtoka puani kabla hajakizuia. "Kwa nini, Arvid? Niambie moja kwa moja, usianzie mbali."

Arvid akachukua kitambaa, akaanza kufuta glasi iliyokuwa safi. "Jana ulipoondoka nilisikiliza mpya jioni nzima. Nzuri. Lakini haiishindi ya Kaz. Nikajua Leland ataimaliza kwa sentensi moja, na ada yako itakufa hapo hapo. Ya Kaz haijawahi kumwacha mtu na macho makavu humu ndani. Nikasema basi, nitawasikilizisha ya Kaz, wapige kura, wakalale. Halafu mimi ninunue mpya, duka lisifungwe."

"Nani kakwambia duka linafungwa?"

"Uliacha kununua keki za wateja Novemba."

Hilo Millie hakujua kama kuna mtu aliliona.

"Ungetoa elfu kumi na moja kwa kitu usichokihitaji?"

"Nalihitaji duka." Arvid akaiweka glasi. Akaenda kwenye kabati la ukutani, akavuta droo.

Ilijaa sindano za santuri. Visanduku vidogo, vimepangwa safu kwa safu, vyote na karatasi ya duka la Millie, hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Huenda vilikuwa sabini.

"Kila Jumamosi ya pili ya mwezi, miaka sita," Arvid akasema. "Santuri moja inahitaji sindano ngapi? Nilidhani ungeniuliza. Hukuniuliza hata siku moja."

Millie akaishika moja. Akaikumbuka. Aliifunga mwenyewe siku ya mvua, wakacheka kuhusu jambo ambalo sasa hakulikumbuka, ila kicheko alikikumbuka. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kama wa msichana, na alijionea aibu, na aliifurahia hiyo aibu.

"Millie," Arvid akasema.

Si shemeji. Millie! Miaka thelathini na nane jina hilo halijapita kinywani mwake.

"Ungekubali kuja kukaa hapa wikiendi moja? Ijumaa mpaka Jumapili. Chumba cha wageni kipo, kina heshima zake. Tule samaki, tusikilize santuri, tuone kama tunapatana. Tusipopatana, nitakurudisha kwako mwenyewe, na sindano nitaendelea kununua."

Millie akaiweka sindano chini polepole. Akajaribu kuukaza uso kama anavyoukaza dukani.

"Arvid Tollefson. Kujaribu nyumbani kuna ada."

"Najua." Akaichomoa hundi chini ya bakuli la jibini, akaisukuma juu ya baa mpaka ikagusa vidole vya Millie. Ilikuwa na doa la mafuta.

"Na hairudi."

"Sitaidai."

Juu ngazini mtu akakohoa.

Wakageuka wote wawili. Hildy Bruss alikuwa amekaa ngazi ya nne kutoka chini, koti mwilini, soksi miguuni, miwani puani, daftari magotini.

"Nilirudi kuchukua bakuli langu," akasema.

"Hildy! Umesikia kuanzia wapi?"

"Kuanzia uzi mwekundu." Akapindua ukurasa. "Na kwa kuwa Leland alisahau kukifunga kikao, kila kilichosemwa nimekiandika. Ukurasa huu una posa. Huu mwingine una mwanachama aliyewadanganya wenzake kabla ya kura. Mwenyekiti atakuja kusaini kesho baada ya misa, na akiusoma wa pili atafuta kura yote, namjua. Nawapenda wote wawili. Semeni, niuchane?"

Arvid akamtazama Millie. "Uchanwe," akasema haraka. "Millie, mwambie auchane."

Duka lilikuwa kwenye ukurasa ule. Millie aliyajua hayo vizuri kuliko yeyote mle ndani. Akapanda ngazi tatu, akasimama mbele ya Hildy, akanyoosha mkono.

"Hakichanwi kitu," akasema. "Nipe kalamu."

"Millie!" Arvid akalia.

Akaipokea kalamu. Kwenye ukurasa wa pili akatia sahihi yake mwenyewe kama shahidi, jina kamili, chini ya ungamo la Arvid. Kisha akarudi ule wa kwanza, akaandika neno moja chini ya swali la Arvid, akalipigia mstari.

Hildy akalisoma. Miwani ikamteremka puani, akaziba mdomo kwa kiganja.

Arvid, kule chini alikosimama na kitambaa chake, hakuweza kuliona. Nanyi, wasomaji wangu, mtaliona katika sehemu ya kumi.